Mhandisi aliyesoma mawe ya Tanganyika: Wilhelm Bornhardt, matale ya Singida na dhahabu ya Sekenke

Ukiingia Singida mjini, kinachokupokea kwanza ni mawe. Majabali ya matale, yaani graniti, yamesimama katikati ya makazi ya watu, mengine marefu kuliko ghorofa, mengine yamebebana kama kwamba kuna aliyeyapanga. Nyumba zimejengwa ubavuni mwake, mbuzi wanapanda juu kuota jua la asubuhi, na huku chini wapo wanaopasua kokoto kwa ajili ya kuendesha maisha. Wenyeji wameyazoea. Mgeni ndiye anayesimamisha gari akatoa simu na kupiga picha.

Wanajiografia duniani wana jina la majabali ya namna hii, yale makubwa ya kichwa cha mviringo yanayochomoza peke yake kwenye tambarare. Wanayaita bornhardt. Ni jina la mtu: Wilhelm Bornhardt, Mjerumani, mhandisi wa migodi, aliyezunguka nchi hii kwa miguu kuanzia mwaka 1895 hadi 1897 akitafuta makaa ya mawe na madini mengine kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Hakuwa mmisionari, hakuwa mwindaji, na hakuja kama askari. Alikuwa mtu wa nyundo, dira na daftari. Naamini maisha yake yanastahili kusomwa Singida kuliko yanavyosomwa, kwa sababu yanaonyesha jinsi ardhi yetu ilivyoanza kuandikwa, na nani aliyefaidi maandishi hayo.

Bornhardt alizaliwa Braunschweig mwaka 1864. Kutoka mji huo hadi milima ya Harz si mbali, na Harz ilikuwa moja ya shule kuu za uchimbaji Ulaya. Mgodi wa Rammelsberg, ulio juu ya mji wa Goslar, ulitoa fedha, shaba na risasi kwa takribani miaka elfu moja, ukafungwa mwaka 1988 tu. Mwaka 1775 kilianzishwa chuo cha madini Clausthal, humohumo milimani, miaka 10 baada ya kile cha Freiberg kule Saxony. Katika mazingira hayo mhandisi wa migodi alikuwa mtumishi wa serikali mwenye hadhi kama ya hakimu. Hakusoma vitabu peke yake. Alitakiwa kwanza ashuke shimoni, afanye kazi na wachimbaji, ajue harufu ya baruti na sauti ya mwamba unaotaka kudondoka, ndipo akafanye mitihani ya kuwa afisa.

Karne ya 19 iliwatawanya watu wa taaluma hii duniani kote. Viwanda vya Ulaya vilihitaji chuma, shaba na makaa, na kila serikali iliyopata koloni ilitaka kujua kilichomo chini ya ardhi yake mpya. Alexander von Humboldt, mwanasayansi aliyekuja kusifika kwa safari zake za Amerika ya Kusini, alipita kwanza Freiberg na akafanya kazi kama afisa wa migodi kabla ya kuvuka bahari mwaka 1799. Baada yake walifuata wengi, wakaenda Mexico, Afrika Kusini, Australia.

Huku kwetu Wajerumani hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1881 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyekuwa na meli za mvuke zilizohitaji makaa, alimtuma Mskoti Joseph Thomson kwenda Ruvuma. Thomson alikuwa kijana wa miaka 23, amesomea jiolojia Edinburgh. Msafiri David Livingstone alikuwa ameyataja makaa ya huko miaka ya nyuma, na Sultani alitaka kujua kama yanachimbika. Thomson alirudi na jibu ambalo halikumfurahisha bwana wake: hapakuwa na makaa ya maana. Ninamheshimu kwa jibu hilo. Mtaalamu anayemwambia aliyemlipa kwamba hakuna kitu anajiharibia riziki, lakini anaokoa mali na jasho la watu ambao wangechimba bure.

Thomson alifariki mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka huohuo Bornhardt alianza kazi Afrika Mashariki.

Nchi aliyoikuta haikuwa imetulia. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua utawala rasmi tarehe 1 Januari 1891, baada ya vita vya pwani vya Abushiri. Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga ilivunjwa, naye akaendelea kupigana porini hadi alipokufa mwaka 1898. Kilwa, Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala huo, alinyongwa Novemba 1895. Mhandisi aliyekuwa anagonga mawe Kusini miaka hiyo alipita kwenye njia zilizofunguliwa kwa bunduki, na usalama wake ulitokana na bunduki hizohizo. Huwezi kuitenga sayansi yake na jambo hilo, hata kama yeye binafsi alikuwa anashughulika na tabaka za mchanga na konokono waliogeuka mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mtaalamu akifika kwenye mwamba, haangalii uso wa nje, kwa sababu mvua na jua vimekwisha kuubadili. Anaugonga kwa nyundo, anatazama sura mpya iliyopasuka, anasogeza lenzi jichoni aone chembe. Kama mwamba una tabaka, anapima kwa dira zinaelekea upande gani na zinainama kwa kiasi gani, kwa kuwa tabaka inayoinama hapa inaweza kuibuka tena mwendo wa siku nzima mbele. Kipande kimoja kinafungwa kwenye karatasi, kinapewa namba, na namba hiyo inaandikwa daftarini pamoja na jina la mahali. Hata mwinuko ulipimwa kwa njia ambayo leo inaweza kushangaza: msafiri alichemsha maji na kusoma kipimajoto. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwenye mwinuko wa Singida, takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100.

Mawe hayo yalibebwa na watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama hizo ulikuwa karibu kilo 30, juu ya kichwa au begani, na msafara ulikuwa na mnyampara wake aliyejua maji yako wapi, mtemi gani anataka heshima gani, na njia ipi inapitika masika. Mtu anaweza kubeba pembe ya ndovu akajua thamani yake sokoni. Kubeba sanduku la mawe yaliyookotwa porini, tena kwa miezi, kunahitaji uvumilivu wa aina nyingine. Katika mapokeo ya sayansi jina lililodumu ni la aliyeandika kitabu. Bila wapagazi na wanyampara kitabu hicho kisingekuwa na kurasa.

Safari za Bornhardt zilikuwa zaidi upande wa pwani, Kusini na Ziwa Nyasa. Kaskazini mwa ziwa hilo, kati ya mito Songwe na Kiwira, alichunguza tabaka za makaa ya mawe, eneo ambalo Watanzania wa leo wanalijua kwa mgodi wa Kiwira. Huku Lindi na uwanda wa Makonde aliziandika tabaka za mchanga na chokaa ambazo wanajiolojia bado wanaziita kwa jina la Makonde. Alikusanya makombe ya bahari ya kale yaliyogeuka jiwe, na mojawapo, kombe la jamii ya Trigonia, lilipewa jina lake na mtaalamu aliyelichambua.

Lakini kilichomshika ni majabali. Ukisafiri nyanda za Kusini, kwa mfano ukikaribia Masasi, tambarare inakwenda na kwenda, miti mifupi tupu, kisha ghafla kinasimama kilima cha jiwe, uchi, chenye kuta za wima na kichwa cha mviringo, bila vilima vidogo vya kukitangulia. Kinafuata kingine, mbali kidogo. Ulaya ya Bornhardt haikuwa na kitu kama hiki kwa wingi huo. Alijiuliza swali ambalo wengi waliopita njia ileile kabla yake hawakulifanyia kazi: imekuwaje tambarare ikawa tambarare, na mawe haya yakabaki?

Jibu lake lilikuwa mmomonyoko uliorudiwa mara nyingi katika vipindi virefu mno. Nchi ililiwa na maji na upepo, ikafunikwa na mchanga, ikaliwa tena, na kila mara miamba migumu ikabaki imesimama. Wanasayansi waliomfuata wamelirekebisha jibu hilo. Wengi sasa wanasema kazi kubwa hufanyika chini ya udongo. Maji ya mvua yanapenya kwenye nyufa za matale na kuyaozesha polepole. Palipo na nyufa nyingi mwamba unageuka kuwa changarawe na udongo, na penye nyufa chache mwamba unabaki mzima. Baadaye udongo ule laini ukichukuliwa na mito, jiwe lililokuwa limejificha chini linajitokeza. Kwa maana hiyo majabali hayakupanda. Ardhi iliyoyazunguka ndiyo iliyoshuka.

Jambo hili unaweza kulishika kwa mkono Singida mjini. Chagua jabali lolote lisilo na nyumba, tazama ubavu wake. Utaona magamba ya jiwe, unene wa kiganja au zaidi, yamejimenya kufuata mviringo wa mwamba, kama maganda ya kitunguu, na Singida hakuna asiyejua kitunguu. Ingiza kidole kwenye upenyo kati ya gamba na mwamba: kuna mchanga mkavu wa chembechembe, mweupe na wa waridi, unaodondoka ukiuchokonoa. Mchanga huo ni itale lililokuwa zima. Hapo jabali linaliwa mbele ya macho yako, kwa mwendo usioonekana katika umri wa binadamu. Wapasua kokoto wanaijua siri hiyo bila kuisomea: wanawasha moto juu ya mwamba, jiwe linatanuka, gamba linapasuka na kuinuka, kisha nyundo inamalizia.

Matale ya Singida ni ya kale kupindukia, yamo katika kiini cha bara ambacho umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Wakati yanaundwa hapakuwa na samaki wala jani duniani.

Bornhardt alirudi Ujerumani na kuandika. Kitabu chake kuhusu sura ya nchi na jiolojia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kilichapishwa Berlin mwaka 1900, kikubwa, chenye kurasa mamia na ramani, kwa Kijerumani. Katika miaka ya 1930 mwanajiolojia wa Marekani Bailey Willis, ambaye naye alikuwa ametembelea Afrika Mashariki, alipendekeza majabali haya yaitwe kwa jina la Bornhardt, na ndivyo yanavyoitwa katika vitabu vya jiografia kutoka Brazil hadi Australia.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kazi ya nyumbani, na hapa nitapita haraka. Alipanda ngazi katika utumishi wa madini wa Prussia, akaongoza Chuo cha Madini cha Berlin, akaandika kazi kubwa juu ya mishipa ya madini ya chuma ya Siegerland. Uzeeni alirudi kwenye milima ya karibu na kwao: mwaka 1931 akachapisha historia ya uchimbaji wa Rammelsberg, kisha akaandika kuhusu Wilhelm Albert, ofisa wa Clausthal aliyebuni kamba ya nyaya za chuma mwaka 1834. Kila lifti ya mgodi na kila kreni bandarini inategemea ubunifu ule. Bornhardt alifariki mwaka 1946, Ujerumani ikiwa magofu.

Kilichonigusa katika orodha hiyo ni kwamba miaka miwili hivi ya Afrika, katika maisha ya miaka 81, ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu. Alitumwa kutafuta vitu vya kuuza. Makaa aliyoyachunguza hayakumtajirisha Mjerumani yeyote. Kilichobaki ni kile alichokiona njiani bila kutumwa.

Si yeye peke yake. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya kutafuta madini ya Lindi, alikuwa anapita karibu na kilima cha Tendaguru alipoona mfupa mkubwa ukichungulia ardhini. Taarifa ikafika kwa Profesa Eberhard Fraas, aliyefika mwaka uliofuata, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Berlin ulichimba mifupa ya dainosaria kwa mamia ya vibarua wa Kitanganyika. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yaliandikwa. Mnyama mkubwa kuliko wote waliochimbwa pale amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wa mita zaidi ya 13 kwenda juu. Sattler alikuwa anatafuta mawe ya thamani.

Mwaka ule msafara wa Berlin ulipoanza kazi Tendaguru, Singida iliingia katika hesabu za wahandisi. Huko Iramba, ambako uwanda wa juu unakatika ghafla na kushuka kwenye mbuga ya Wembere, mgodi wa dhahabu wa Sekenke ulianza kuzalisha mwaka 1909. Ndio unaotajwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa kisasa nchini. Ulikuwa chini ya kampuni ya Kironda.

Dereva yeyote wa malori anayekwenda Nzega na Mwanza anaujua mteremko wa Sekenke. Wengi wanaupita wakishughulika na breki na gia, hawana nafasi ya kuwaza kwamba ukingo ule ni sehemu ya mpasuko wa ardhi unaoshuka kuelekea Wembere na Ziwa Eyasi. Dhahabu haikuletwa na mpasuko huo. Ni ya kale zaidi, imo katika ukanda wa miamba ya kijani ya volkano uliobanwa kati ya matale, na inakaa kwenye mishipa ya kwatzi, yale mawe meupe ambayo kila mchimbaji wa Iramba anaanza kuyatafuta kabla ya kitu kingine.

Mtu akitaka kuelewa ugumu wa kufungua mgodi pale, na atazame reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Mwaka 1909 Sekenke ilikuwa mbali na reli yoyote. Na mgodi wa mwamba si kazi ya sururu na karai tu. Jiwe lazima lipondwe liwe unga kwa vinu vya chuma vizito, unga huo upitishwe na maji kwenye mabamba yaliyopakwa zebaki ili dhahabu inase, na kinachobaki kiloweshwe kwa sianidi, njia iliyogunduliwa Scotland mwaka 1887 na ambayo ilibadili kabisa biashara ya dhahabu duniani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya migodi ya wakati ule. Vyuma vyake vilipaswa kufika bila treni, katika nchi yenye mbung'o na mito ya msimu.

Wala hapakuwa na utii wa bure kwa Wajerumani. Unyaturu, humuhumu Singida, inamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke ambaye masimulizi ya wenyeji yanasema aliwakabili Wajerumani kwa makundi ya nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida una jina lake, na ninafurahi kwamba angalau mmoja wa waliokuwa upande wa pili wa historia hii anatajwa kila timu za ligi zinapokuja.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga bahari. Sarafu mpya hazikuweza kutoka Ujerumani, na serikali ya koloni ililazimika kulipa askari, wapagazi na wauza vyakula. Ilichapisha noti za dharura humuhumu nchini. Kisha, mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora, ikapiga sarafu zake yenyewe. Sarafu za thamani ndogo, za heller 5 na 20, zilitengenezwa kwa shaba iliyopatikana vitani, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Sarafu ya thamani kubwa ilikuwa ya rupia 15, sawa na mark 20 za Ujerumani, na ilikuwa ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke. Aliyesimamia upigaji alikuwa Friedrich Schumacher, mtaalamu wa migodi wa kampuni ya Kironda, na muhuri ulichongwa na sonara wa Kisinhala.

Sarafu hiyo ya dhahabu ni ndogo kwa umbo, upana wake haufiki wa shilingi mia yetu. Upande mmoja yupo tai wa Ujerumani. Upande wa pili yupo ndovu amenyanyua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Uzito wake ni gramu 7.168, robo tatu ikiwa dhahabu safi. Zilipigwa 16,198. Ukizidisha, ni takribani kilo 87 za dhahabu tupu, jasho la wachimbaji wa Iramba lililogeuzwa kuwa mshahara wa vita isiyowahusu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi ya karakana ile ikawa imekwisha. Leo sarafu hizo zinanunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa bei inayozidi mara nyingi thamani ya dhahabu iliyomo. Sijawahi kusikia kijana wa Shelui, huko Iramba, aliyeonyeshwa hata picha yake darasani, na jambo hilo linaniuma.

Waingereza walipochukua Tanganyika waliufungua tena mgodi, ukaendelea kuchimbwa hadi miaka ya 1950. Mwaka 1925 walianzisha idara ya jiolojia yenye makao Dodoma. Idara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, na Dodoma ndiko ziliko ramani na taarifa zilizokusanywa kwa vizazi. Njia ya kuchora ramani hizo ni ileile ya akina Bornhardt: gonga, tazama, pima, weka namba, andika.

Uchimbaji Singida haujafa. Mwaka 2023 mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kutoa dhahabu Mang'onyi, wilaya ya Ikungi. Lakini wanaojaza vijiji ni wachimbaji wadogo. Wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa kamba, kuta zimeshikiliwa na matimba, wanafuata mkanda wa kwatzi kwa tochi ya kichwani. Mawe yanapandishwa kwenye viroba, yanapelekwa karashani, yanasagwa kuwa unga. Unga unaoshwa, unachanganywa na zebaki, mchimbaji anaukanda mchanganyiko huo kwa vidole vitupu mpaka kinapatikana kidonge cha rangi ya fedha, kisha kidonge kinachomwa. Moshi unaotoka ni sumu, unaingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mtoto anayemsubiri mama yake pembeni. Kinachobaki kinapelekwa kwenye masoko ya madini, ambayo serikali ilianza kuyafungua mikoani mwaka 2019.

Wachimbaji hawa wana elimu yao. Mzee aliyechimba Iramba kwa miaka mingi anajua kwatzi yenye kutu ndiyo ya kufuatwa na ile nyeupe safi mara nyingi haina kitu, anajua mkanda unapoyumba uutafute upande gani. Ni usomaji wa mwamba kama wa Bornhardt, isipokuwa hauandikwi. Duara likititia na mzee mwenyewe akifariki, vijana wanaanza upya, wakichimba mashimo mengine hatua chache kutoka mahali ambapo baba zao walikwisha kugundua kwamba hakuna kitu.

Mambo mawili yangebadilisha hali hiyo, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni ramani. Ramani ya jiolojia ya Iramba ikibandikwa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ikionyesha ukanda wa miamba ya kijani unaishia wapi na matale yanaanzia wapi, itawaokolea watu miezi ya kuchimba pasipo na dhahabu. Wataalamu wa kuifafanua wapo: chuo cha madini kiko Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia tangu miaka ya 1970. Kutoka Dodoma hadi Singida ni safari ya saa chache kwa basi. Bornhardt alitembea miezi.

La pili ni kupima. Zebaki hainasi dhahabu yote. Sehemu kubwa, hasa ile ya chembe ndogo sana, hubaki kwenye marudio, yaani unga uliokwisha kuoshwa. Sehemu nyingi marudio hayo huachiwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusagiwa. Yeye huyakusanya, akayaloweka kwa sianidi, akapata dhahabu ambayo wakati mwingine huzidi ile aliyoondoka nayo mchimbaji. Hakuna wizi hapo, ni makubaliano. Lakini ni makubaliano kati ya anayejua kilichomo na asiyejua. Mhandisi wa Clausthal wa miaka 130 iliyopita asingekubali rundo liondoke uwanjani kwake bila kuchota kijiko, kukifunga kwenye karatasi, kuandika namba na kukipeleka maabara. Kipimo hicho kinapatikana leo, na gharama yake kikundi cha wachimbaji kinaweza kuichanga. Kikishajua gramu ngapi zimebaki kwenye kila tani, ndipo kikae na mwenye karasha kuzungumza bei.